Saraka moja, laini mbili: nani ameshika kalamu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Mombasa. Pamoja na wanafunzi wangu tumefufua ubao wa BBS, yaani kompyuta ambayo watu huipigia simu kwa modemu ili kusoma na kuacha habari. Uko kwenye kompyuta kuukuu ya 486 inayotumia DOS na DESQview, inayoendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja. Tuna modemu mbili zilizochomekwa kwenye swichibodi ya chuo, kwa hiyo watu wawili wanaweza kupiga na kuingia kwa wakati mmoja. Mwanafunzi mmoja ameandika kwa Turbo Pascal programu ya saraka ya pamoja: kila mtu anajaza jina, fani, mtaa na namba ya simu, mistari minne, ndani ya faili moja la maandishi. Akiingia mmoja mambo ni shwari. Wakiingia wawili, kesho yake tunakuta majina yametoweka, au mtu ana namba ya mwenzake. Tulishauriwa kuweka programu ndogo ya DOS iitwayo SHARE. Tumeiweka, na sasa programu inakatika ikisema faili limekataliwa. Tena wenzetu wa Zanzibar wana ubao wao na wanataka tuwe na saraka moja. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu mna magonjwa matatu yaliyovaa kanzu moja, na dawa ya mmoja haiponyi mwingine.

Nianze na lile la mtu kukutwa na namba ya mwenzake, maana nahisi mnalilaumu kosa lisilohusika. Toka nje ya ubao, ingia kwenye folda yenye saraka, uandike hivi: FIND /C /V "" SARAKA.TXT. DOS itakuhesabia mistari yote ya faili. Gawanya idadi hiyo kwa nne. Kukiwa na salio, basi hapakuwa na watu wawili walioandika kwa pamoja. Kuna mstari umepotea. Mtu ameandika jina na fani, laini ikakatika, programu ikafa kabla ya kuandika mtaa na simu. Au amebonyeza Enter bila kujaza kitu na programu ikauruka mstari. Kuanzia hapo kila aliyefuata anasogea kama abiria kwenye kiti cha matatu: simu ya huyu inasomwa kama jina la yule, mpaka mwisho wa faili. Hata mngekuwa na laini moja tu, siku moja yangewakuta.

Majina kutoweka ni ugonjwa wa pili, na huo kweli ni wa laini mbili. Nina hakika programu yenu inasoma faili lote ndani ya kumbukumbu mtu anapoingia, kisha inaliandika upya lote anapomaliza. Mtu wa kwanza akiingia saa mbili kamili na wa pili saa mbili na dakika moja, wote wameshika nakala ileile ya jana. Wa kwanza anajiandikisha na kuhifadhi. Wa pili anahifadhi dakika mbili baadaye, na nakala yake haina habari za wa kwanza. Aliyemaliza mwisho amemfuta aliyemtangulia, na kompyuta haikuona kosa lolote, kwa sababu ilifanya kama ilivyoamriwa.

Ugonjwa wa tatu ni huo wa SHARE, na kwa kweli huo ni dalili ya uzima. SHARE.EXE ilikuja na DOS 3.0 mwaka 1984, na kazi yake ni kuweka kumbukumbu ya nani amefungua faili gani na kwa masharti yapi. Programu yenu inafungua faili bila kutaja masharti, SHARE inachukulia kwamba inalitaka peke yake, basi wa pili akibisha hodi anafukuzwa. Kabla yake wote wawili waliingia na kuharibiana kimyakimya. Msiitoe. Hakikisheni tu kwamba inapakiwa kabla ya DESQview, ndani ya AUTOEXEC.BAT, faili la amri zinazoendeshwa kompyuta ikiwaka, si ndani ya dirisha moja la DESQview.

Dawa ya yote inaanzia kwenye kubadili mnavyoiona saraka yenyewe. Ubao wa kwanza wa aina hii uliwashwa Chicago tarehe 16 Februari 1978 na Ward Christensen na Randy Suess, ukaitwa CBBS. Mfano wao haukuwa daftari. Ulikuwa ubao wa kizibo katika klabu yao ya kompyuta, ambapo wanachama walibandika kadi zao kwa pini. Tazama uzuri wa kadi: ukitaka kubadili yako, unaitoa yako, unaandika, unairudisha. Huhitaji kuubeba ubao mzima nyumbani na kuurudisha ukiwa umenakiliwa upya. Programu yenu inabeba ubao mzima nyumbani.

Kwa hiyo achaneni na faili la maandishi. Tengenezeni faili la rekodi zenye urefu mmoja, baiti 256 kila moja. Katika Turbo Pascal hiyo ni "file of" rekodi yenu, yenye string za urefu uliotajwa, na nafasi inayobaki mwishoni ijazwe ili jumla iwe 256 kamili. Kadi ya mtu wa 30 inaanzia baiti ya 7,680, haina njia ya kusogea. Laini ikikatika katikati, kitakachoharibika ni kadi yake peke yake. Na hata hiyo haitaharibika mkifuata sharti hili: kila anachochapa mteja kikae kwenye kumbukumbu mpaka aseme "hifadhi", ndipo rekodi iandikwe nzima kwa pigo moja.

Kabla ya kufungua faili, andikeni FileMode := 66. Namba hiyo ndiyo 42 ya heksadesimali, na maana yake ni "nataka kusoma na kuandika, na simzuii mwingine yeyote". Msipoiandika, Turbo Pascal inatumia 2, na hapo ndipo SHARE inapowafukuza. Mjue pia kwamba FileMode haigusi mafaili ya maandishi kabisa, hata ukiiandika mara kumi. Pengine kijana wenu aliijaribu akaona haisaidii. Asijilaumu, alikuwa anapaka dawa mahali pasipouma.

Sasa kufuli. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwenye saraka wanakaa, mradi kila mmoja ana kamba yake. DOS inawapa kamba hiyo kupitia kikatizo (mlango ambao programu huombea huduma) cha 21h, kazi ya 5Ch. Maelezo yanapitia rejista, vijisanduku vya ndani ya kichakataji: AL ikiwa 0 unafunga, ikiwa 1 unafungua, BX inabeba namba ya faili, CX na DX zinataja pa kuanzia, SI na DI zinataja urefu. Namba ya faili mtaipata kwenye FileRec ya uniti ya Dos. Fungeni baiti 256 za kadi inayoguswa, si faili zima.

Rekodi namba 0 msimpe mtu. Hiyo iwe ya bawabu: iandike idadi ya kadi zilizopo na tarehe ya badiliko la mwisho, mwaka kwa tarakimu nne. Anayetaka kuongeza kadi mpya anafunga rekodi 0 kwanza, anasoma idadi, anaandika kadi yake mwishoni, anaongeza moja kwenye idadi, anafungua. Wawili wakija pamoja, mmoja atakuta pamefungwa. Asubiri nusu sekunde ajaribu tena, mara kumi, na ikishindikana amwambie mteja kwa lugha ya binadamu kwamba saraka ina shughuli. Wakati wa kusubiri, iteni kikatizo cha 15h mkiwa na AX ya 1000h ili DESQview imwachie mwenzake zamu. Msipofanya hivyo, anayesubiri atakula muda wa kompyuta yote na kumchelewesha yuleyule anayemsubiri.

Hapa lazima nikae kidogo, maana ndipo nilipokosea mimi. Miaka ya tisini nikisoma Uingereza niliendesha ubao wa laini mbili, na programu yangu ilifunga kadi tangu mtu anapoifungua kuihariri hadi anapoihifadhi. Nilidhani ndio uangalifu. Usiku mmoja mteja wa laini ya kwanza alifungua kadi yake akaenda kupokea mgeni mlangoni. Kufuli langu lilikuwa la faili zima, hivyo mteja wa laini ya pili akakwama akitazama skrini isiyosema kitu. Huko simu ya mtaani ililipiwa kwa dakika, tofauti na sehemu nyingi za Marekani ambako haikuwa na malipo ya ziada, kwa hiyo yule bwana alilipia kungoja kwake. Aliniandikia ujumbe wa upole asubuhi yake. Tangu siku hiyo sijafunga rekodi mtu akiwa bado anachapa.

Njia sahihi ni hii. Wekeni ndani ya kila kadi namba ya toleo. Mteja akitaka kuhariri, someni kadi bila kufunga, mkumbuke toleo, mwacheni achape atakavyo. Akisema "hifadhi", fungeni, someni tena kadi ileile, mlinganishe toleo. Likiwa halijabadilika, ongezeni moja kwenye toleo, andikeni, fungueni kufuli, fungeni faili. Likiwa limebadilika, mwonyesheni kadi mpya aamue. Kufuli litakaa sehemu ndogo ya sekunde. Na faili lifungwe kweli kila baada ya kuandika, kwa Close, kwa sababu DOS hairekebishi ukubwa wa faili kwenye orodha ya diski mpaka lifungwe. Umeme ukikatika kabla, kadi mpya zinabaki kwenye diski bila mwenyewe.

Kwa umeme wetu, kuna jambo jingine: SMARTDRV, programu ya DOS ya kuharakisha diski. Matoleo yaliyokuja na MS-DOS 6.0 yalichelewesha kuandika kwenye diski ili kuharakisha kazi. Kompyuta inasema "nimehifadhi" ilhali data bado iko kwenye kumbukumbu. Katika AUTOEXEC.BAT andikeni SMARTDRV C bila alama ya kujumlisha, ili iharakishe kusoma tu. Mtapoteza kasi kidogo ambayo kwenye modemu hakuna atakayeiona.

Laini kukatika nako kuna dawa yake. Natumaini ubao wenu unatumia kiendeshi cha FOSSIL, programu inayosimama kati ya ubao na modemu, kama X00 au BNU. Kiulizeni hali ya laini kila mnaposubiri herufi kutoka kwa mteja: kikatizo cha 14h, kazi ya 03h, na katika AL biti ya 7 inakuambia kama modemu ya upande wa pili bado ipo. Ikizima, tokeni bila kuandika chochote. Mteja akikaa kimya dakika tatu, mkatieni laini. Programu isiyoangalia hilo hubaki ikingoja mtu aliyekwisha ondoka, na laini hiyo inakuwa imekufa mpaka mje kuizima kwa mkono.

Sijui kama mmewahi kulifungua faili la DOOR.SYS kwa macho yenu. Ndilo faili la makabidhiano: ubao unapomkabidhi mteja kwa programu ya nje, unaandika humo habari zake ili programu imjue. Lifungueni leo. Mstari wa 4 una namba ya nodi, yaani laini aliyoingilia mteja, wa 10 jina kamili, wa 12 simu ya nyumbani, wa 14 nywila yake, wa 19 dakika zilizobaki. Nywila, wazi kabisa, kwa maandishi ya kawaida. Kwa hiyo kila nodi iwe na folda yake, N1 na N2, na DOOR.SYS yake, programu isome inachohitaji na faili lifutwe mteja akitoka. Nodi mbili zikitumia folda moja, mteja wa pili atalifuta faili la wa kwanza, na mtaona mtu akiingia kwenye saraka kwa jina lisilo lake. Pengine sehemu ya vituko mlivyoviona imetokea hapo.

Na tafadhali, kijana asije akaona wepesi wa kuichukua simu kutoka mstari wa 12 na kuiweka kwenye saraka moja kwa moja. Mtu aliyempa mwendesha ubao namba yake hajampa kila anayepiga. Saraka imuulize upya, na imruhusu kuacha wazi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ninyi mnataka kuvusha majina kati ya nchi hizo mbili. Lakini hata zisingekuwepo, hao ni majirani zenu. Kadi ifungamane na namba ya mteja ndani ya ubao, ili mwenye kadi peke yake aweze kuibadili au kuiondoa. Kuiondoa kuwe alama ndani ya rekodi, si kuzisogeza zilizobaki.

Kuhusu kutafuta majina: msipange kwa jina la mwisho. Pwani hatuna jina la ukoo kwa maana hiyo; Salim Ali Mbarak ni Salim, Ali ni baba, Mbarak ni babu. Mwingine mtaa mzima unamjua kama Mama Khadija na hakuna atakayemtafuta kwa jina la cheti. Wekeni nafasi ya lakabu. Utafutaji ukubali kipande chochote cha jina, herufi kubwa na ndogo ziwe sawa, na Mohamed imkute Mohammed. Kwa kadi mia chache, kuzipitia zote kutoka mwanzo hadi mwisho ni kazi ya kufumba na kufumbua hata kwa 486, kwa hiyo msijisumbue na faharasa. Matokeo yaonyesheni mstari mmoja kwa mtu. Skrini iliyojaa, herufi 80 kwa mistari 24, inachukua sekunde 8 kwa modemu ya biti 2400 kwa sekunde. Kwa ya 300 inapita dakika moja.

Tuje Zanzibar. Hapa msibuni kitu, kwa sababu kazi hii ilishafanywa na watu waliokuwa na shida kama yenu kwa ukubwa zaidi. Tom Jennings alipoanzisha FidoNet, mtandao wa mbao za BBS zinazopigiana simu, mwaka 1984 huko San Francisco, orodha ya mbao ilikuwa fupi na mtu mmoja aliweza kuitunza. Ilipokua ikawa mzigo, na kosa la tarakimu moja lilikuwa na maana ya modemu kupiga nyumba ya mtu usiku wa manane. Suluhisho lao halikuwa kumpa kila mtu ruhusa ya kuandika. Waligawa orodha vipande. Mratibu wa kila mtandao mdogo aliandika kipande chake tu, akakipeleka juu, na programu ya Ben Baker iliyoitwa MAKENL ikaviunga vipande kuwa orodha moja. Kila wiki orodha ilitoka, na katikati ya miaka ya tisini ilikuwa na nodi, yaani mbao, zaidi ya 30,000, bila popote ambapo watu wawili walishika kalamu moja.

Nanyi fanyeni hivyo. Kadi za Mombasa zianze na 1, za Zanzibar zianze na 2. Ubao wenu hauandiki kamwe kwenye kadi ya 2, na wao hawagusi ya 1. Mteja wenu akimwona mtu wa Zanzibar mwenye namba ya zamani, ujumbe uende kwa mwendesha ubao wa kule. Usiku, tuseme saa tisa, ubao wenu uzikalishe laini kwa ATH1, amri ya kuiambia modemu inyanyue simu, ili anayepiga akute zina shughuli, uunge vipande viwili, kisha urudi kazini. Muda huo hakuna mteja ndani, na hata kufuli halihitajiki.

Simu ya Mombasa kwenda Zanzibar ni ya nje ya nchi, kwa hiyo msipeleke saraka nzima. Kadi 200 ni baiti 51,200. Kwa 2400 hiyo ni kama dakika tatu na nusu. Mabadiliko ya kadi kumi ni sekunde 11. FidoNet walikuwa na faili la NODEDIFF lenye amri tatu tu: C na idadi, maana yake nakili mistari hiyo kutoka orodha ya zamani, D na idadi, iruke, A na idadi, ongeza inayofuata. Mstari wa kwanza ulirudia kichwa cha orodha ya zamani, ili ukiwa na toleo lisilo sahihi programu ikatae badala ya kuunga visivyolingana. Igeni hilo neno kwa neno. Na zungumzeni mapema ni upande upi utapiga: GreenNet ya London, mtandao wa kompyuta wa vikundi vya mazingira na amani, ndio uliokuwa ukipiga simu usiku kuzifuata mbao za Nairobi na kwingineko Afrika, kwa kuwa kupiga kutoka London kulikuwa rahisi kuliko kupiga kutoka huku.

Orodha ile pia ilijua kutunza siri. Ubao usiotaka kutangaza simu uliandikwa Pvt mwanzoni mwa mstari, na mahali pa namba pakawekwa -Unpublished-. Mtu alionekana yupo, na namba yake ikabaki kwake. Wekeni alama ya namna hiyo kwenye kila kadi, na kadi yenye alama hiyo ivuke bahari bila simu.

Kama swichibodi ya chuo inapitisha simu za nje kwa intaneti, ombeni laini za modemu zitumie G.711, namna ya kubeba sauti bila kuibana, na mzishushe modemu hadi 9600 au hata 2400. Sauti iliyobanwa hubeba maneno ya mtu vizuri lakini huiua modemu.

Mkimaliza kuandika, msifungulie watu kabla ya jaribio hili. Wanafunzi wawili wapige kwa pamoja, wote wachague kuongeza kadi, na wabonyeze "hifadhi" kwa kuhesabiana: moja, mbili, tatu. Wafanye mara 20. Kisha wafanye mara 20 nyingine, mmoja wao akichomoa waya wa simu mara tu anapobonyeza. Chukueni ukubwa wa faili la saraka kwa DIR mgawanye kwa 256. Pasiwe na salio, na jibu liwe sawa na idadi iliyoandikwa kwenye rekodi 0, jumlisha moja ya bawabu mwenyewe.